Maswali na Majibu: Manawabu wa Janjira, Mizinga 11 na Jina "Sidi"

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu Janjira, milki ndogo ya pwani ya Konkan nchini India, kusini ya Mumbai, iliyokuwa chini ya ukoo wa Masidi wenye asili ya Afrika hadi 1948. Mtawala wake aliitwa Nawabu. Waliouliza juu ya Hyderabad na Kashmir wavute subira. Milki kubwa zimeandikwa sana. Hizi ndogo ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi Mwingereza alivyotawala bila kuonekana ametawala.

Swali (Tanga): Nimeona picha ya ngome iliyo katikati ya bahari, imeandikwa "ufalme wa Waswahili nchini India". Ni kweli?

Si kweli, na kila picha hiyo ikizunguka mitandaoni swali linarudi lilivyo, bila aliyeuliza kusoma hata ukurasa mmoja. Waliotawala Janjira walikuwa Wahabeshi, watu wa asili ya Ethiopia. Wahenga wao waliingia Dekani, nyanda za kusini ya India, kama watumwa wa kijeshi, mabaharia na wafanyabiashara, wakapanda vyeo chini ya masultani wa Ahmadnagar. Waziri mashuhuri wa usultani huo, Malik Ambar, aliyekufa 1626, naye alikuwa Mhabeshi aliyeuzwa mkono kwa mkono kabla ya kushika hatamu za nchi. Ngome ya kisiwani ilikuwa mikononi mwa makamanda wa Kihabeshi tangu mwanzoni mwa karne ya 17. Ahmadnagar ilipoanguka 1636 wakawa chini ya Bijapur. Mwaka 1670 wakahamia kwa Aurangzeb, mfalme wa Wamughali, aliyewafanya wakuu wa manowari zake.

"Sidi" ni "sayyidi", bwana wangu. "Janjira" ni "jazira" ya Kiarabu iliyopita katika vinywa vya Wamarathi, wenyeji wa sehemu hizo. Msikilizaji wa Kiswahili huyasikia maneno haya kama ya nyumbani, na hapo ndipo anapopotea. Neno la Kiarabu kukutwa Konkan na kukutwa Lamu hakuthibitishi udugu wa damu kati ya Konkan na Lamu.

Tena hata huo "ufalme wa Waafrika" unahitaji kuhesabiwa. Kwa sensa ya 1901 Janjira ilikuwa na watu 85,414 katika eneo la maili za mraba 324. Masidi hawakufika mia tatu, na wengi wao walikuwa jamaa wa Nawabu waliokula mashamba ya urithi. Waliobaki ni wakulima wa mpunga, wavuvi wa Kikoli, Waislamu wa Konkan, wenye minazi na mipopoo. Hao ndio waliolipa kodi. Anayeandika habari za mia tatu na kuwaacha watu elfu themanini na tano amewatungia Manawabu sifa, historia bado hajaandika.

Swali (Nairobi): Sidi Mubarak Bombay, aliyeongozana na wasafiri Waingereza Burton na Speke, alikuwa wa ukoo wa Janjira?

Hapana. Alikuwa Myao, alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa hadi India, na kuachwa huru bwana wake alipofariki. "Sidi" kwa Waingereza wa zama hizo lilikuwa jina la kila Mwafrika wa Bahari ya Hindi. Hata mabaharia wa Unguja walioajiriwa katika meli zao za kivita waliandikwa hivyo hivyo. Jina hilo peke yake halikupi nasaba.

Swali (Unguja): Ikiwa Nawabu alibaki na kiti chake, bendera na mahakama, Waingereza walitawala nini hasa?

Hili ndilo swali. Ningependa wasomaji walisome jibu lake kabla ya kuandika tena kwamba milki fulani "haikutawaliwa".

Mkataba wa kwanza wa maana kati ya Janjira na Kampuni ya Mashariki ya India, kampuni ya biashara ya Waingereza, ni wa 1733. Ulikuwa mkataba wa wanaohitajiana: wote wawili walisumbuliwa na manowari za ukoo wa Angria, maamiri wa Wamarathi. Kwa zaidi ya miaka mia baada ya hapo hapakuwa na ofisa wa Kiingereza aliyekaa Janjira. Ilipofika 1868 hivi, wakisema Nawabu anaendesha vibaya kesi za jinai, walimwondolea madaraka hayo na kuyakabidhi kwa Wakala wa Kisiasa, ofisa wa Kiingereza. Angalia walivyofanya: nchi hawakuiteka, walichukua faili moja. Baadaye kazi ya uwakala ilishikwa na mkuu wa wilaya jirani ya Kolaba, pamoja na kazi zake nyingine. Janjira ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikugharimu hata mshahara wa mtu mzima.

Mambo waliyoyashika katika milki hizi hayakuwa mengi, lakini ndiyo yaliyofunga kila kitu. La kwanza ni mambo ya nje. Mtawala hakuruhusiwa kufanya mapatano na dola nyingine, na shauri lake la kiserikali na nawabu jirani lilitakiwa lipitie kwa Wakala. La pili, na ndilo kubwa, ni urithi. Mrithi hakuhesabiwa mtawala mpaka Serikali ya India imtambue. Janjira haikuwa na sheria ya mtoto wa kwanza; wakuu wa Kisidi walikuwa na kauli juu ya nani akae, na ugomvi wa ndugu haukukosekana. Kila ugomvi ulikuwa mlango kwa Mwingereza. Nawabu Ibrahim Khan alipofariki 1879, aliyetambuliwa ni Ahmad Khan, kijana wa miaka kumi na saba hivi, naye hakupewa madaraka kamili hadi 1883. Alipofariki 1922 mrithi wake Muhammad Khan alikuwa mtoto mdogo, mama yake Kulsum Begum akashika nchi kwa niaba yake hadi 1933. Mrithi mdogo kwa Wakala ni miaka ya kupanga hesabu, kuchagua walimu na kuajiri diwani, yaani waziri mkuu, anayemtaka.

La tatu ni reli, simu za waya, chumvi na kasumba, yaani afyuni. Milki nyingi zilitia saini kuacha kutengeneza chumvi au kutoza ushuru wa njiani, zikalipwa fidia ya kila mwaka. Fidia hiyo haikuongezeka bei zilipopanda, kwa hiyo baada ya miaka arobaini hazina ilikuwa imepungua bila mtu kuinyang'anya. La nne ni kuondolewa kitini. Baroda, milki kubwa kuliko Janjira mara nyingi, ilimpoteza Malhar Rao mwaka 1875 baada ya kutuhumiwa kumtilia sumu Rezidenti, mwakilishi wa Mwingereza. Baraza lililomsikiliza liligawanyika, Waingereza watatu upande mmoja na Wahindi watatu upande wa pili, na akaondolewa vivyo hivyo.

Kilichobaki kwa Nawabu ni kukusanya kodi, polisi, madai ya kawaida na sherehe. Kwa hiyo mkulima aliyeumizwa na kodi ya mpunga alimlaani Nawabu. Wakala alibaki msafi. Mfumo huu ulikuwa rahisi kwa gharama, na lawama zake zilimfikia mwenyeji.

Msomaji wa Unguja hana haja ya kwenda mbali. Tangu 1890 Sultani alibaki na kasri na bendera, na kuanzia 1891 Lloyd Mathews, waziri mkuu Mwingereza, ndiye aliyeshika hesabu. Khalid bin Barghash alipokaa kitini Agosti 1896 bila ridhaa ya konsuli, kasri lilipigwa mizinga tarehe 27 na vita vikaisha chini ya saa moja. Ile ilikuwa kanuni ya urithi iliyozoeleka Janjira na Baroda, imetekelezwa kwa mizinga. Na sheria ya jinai ya India ilitumika Kenya hadi 1930. Waingereza walipofika huku walikuja na daftari lililokwisha andikwa.

Swali (Mwanza): "Mizinga 11" ina maana gani?

Ni idadi ya milio ya heshima mtawala alipowasili rasmi. Ngazi zilikuwa 9, 11, 13, 15, 17, 19 na 21, daima witiri. Milki zilizopata 21 mwishoni zilikuwa tano tu: Hyderabad, Mysore, Baroda, Gwalior na Kashmir. Kutch, milki ya upande wa Gujarat, ilikuwa na 17, Janjira 11, na Sachin, milki nyingine ya Masidi, 9. Kati ya milki zaidi ya 550, zisizopigiwa hata mlio mmoja ndizo zilizokuwa nyingi.

Milio iliweza kuongezwa kwa utii na kupunguzwa kwa ukaidi. Watu wazima wenye majeshi na mabenki walishindania milio miwili ya baruti kwa miaka, na muda huo hakuna aliyeuliza fidia ya chumvi iko wapi.

Swali (Mombasa): Kwa nini Shivaji, mfalme wa Wamarathi, pamoja na nguvu zake zote, alishindwa kuitwaa Janjira?

Kwa sababu ya ukuta, maji na upepo. Ukuta unapanda moja kwa moja kutoka baharini, kimo cha futi arobaini na zaidi, wenye buruji za duara zilizopangwa kwa namna ambayo mzinga wa moja unafunika ubavu wa nyingine. Chini ya ukuta hakuna ufuko wa kushusha watu na ngazi: anayepanda lazima asimame ndani ya mashua inayoyumba. Ndani kuna mabwawa mawili ya maji baridi, kwa hiyo kuzingirwa hakukuwa na maana ya kiu. Lango kuu linatazama kijiji cha Rajapuri, lakini limejificha kati ya buruji mbili, na mashua isiyolijua hulipita.

Shivaji alijenga ngome ya Padmadurg baharini, karibu nayo, ili kuibana. Mwanawe Sambhaji mwaka 1682 alianza kuujaza mkondo kwa mawe ili askari wapite kwa miguu. Kazi ilikatika pale Wamughali walipomshambulia bara.

Upepo ndio unaosahauliwa. Kusi likianza, pwani ile ya magharibi haikaliki kwa vyombo vya kivita. Katika miaka ya 1670 manowari za Sidi zilijibanza bandari ya Bombay (Mumbai ya leo) msimu huo, jambo lililomuudhi Shivaji na kuwatia Waingereza hofu, maana hawakuthubutu kumfukuza amiri wa mfalme wa Wamughali. Mwaka 1689 Sidi Yakut Khan alishuka kisiwa cha Bombay na jeshi na kuwazingira Waingereza ndani ya ngome yao hadi 1690, na waliokolewa kwa kumwomba Aurangzeb msamaha na kulipa faini. Habari hii haisimuliwi sana na wanaopenda kuanza hadithi na ushindi wa Uingereza.

Swali (Dar es Salaam): Ni kweli Nawabu mmoja aliiuza Janjira?

Aliuza madai. Mrithi aliyefukuzwa, Balu Mian, alimpa Peshwa wa Pune, waziri mkuu wa Wamarathi, haki yake juu ya Janjira mwaka 1791, akapewa ardhi karibu na Surat yenye mapato ya rupia 75,000 kwa mwaka. Ndiyo milki ya Sachin. Peshwa hakuwahi kuingia Janjira, kwani waliokuwa ndani walikataa kufungua lango. Wazao wa Balu Mian wakabaki Manawabu wa Sachin, na madeni yao yalifika mahali ambapo mwaka 1829 Waingereza walianza kusimamia mapato ili wadai walipwe. Ukikuta "Nawabu wa Kihabeshi", uliza kwanza ni wa Janjira au wa Sachin. Wengi huwachanganya.

Swali (Pemba): Masidi wa Gujarat wanaocheza "goma", je, hao nao ni wa nyumba ya Janjira?

Hapana, na hapo ndipo Mswahili anapopaswa kuelekeza macho. Goma ni ngoma. Wanaichezea katika ziara ya walii Bava Gor, Ratanpur, penye machimbo ya akiki, na wana malunga, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, ambao nduguze wapo Afrika Mashariki na Kusini. Wengi wa wahenga wao waliuzwa kutoka pwani yetu na bara yake. Athari ya Kibantu India imekaa kwa wapiga ngoma na wachimba mawe, watu wasio na ngome wala mizinga, na picha zao hazizunguki mitandaoni.

Swali (Kampala): Nina sarafu ya fedha ya Kutch, naambiwa ni ya Edward VIII. Mbona haina sura yake?

Sarafu za Kutch hazikuchorwa sura ya mfalme wa Uingereza. Upande mmoja jina lake limeandikwa kwa hati ya Kiajemi pamoja na mwaka wa Kikristo. Upande wa pili kuna jina la mtawala wa Kutch, Maharao Khengarji, kwa hati ya Kinagari na mwaka wa Vikram Samvat, kalenda ya Kihindu. Toa 57, au 56 kutegemea mwezi, utapata mwaka wa Kikristo. Ya Edward VIII ni ya 1936, basi tafuta Samvat 1992 au 1993. Kori ni fedha ya Kutch; sarafu halali ya kori tano ina uzito wa gramu 13.87. Ipime kabla ya kuinunua, na itazame ukingoni: nyingi zilitobolewa au kuunganishwa kitanzi ili zivaliwe shingoni, kisha zikazibwa. Usiisugue kwa majivu wala ndimu. Wenye senti kumi ya Afrika Mashariki ya 1936, ile yenye tundu na pembe za ndovu, wanayo sarafu nyingine yenye jina la mfalme huyohuyo bila sura.

Swali (Dar es Salaam): Hati ya babu yetu inasema alikuwa "mtu anayelindwa na Uingereza" na si raia wa Uingereza. Alitoka Kutch. Tutafute wapi?

Maneno hayo ni sahihi na yana uzito. Mzaliwa wa milki ya raja hakuwa raia wa Uingereza. Alikuwa raia wa raja wake, na akiwa nje alikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Unguja jambo hili lilizua mgogoro mkubwa. Konsuli Rigby alipowaachia huru watumwa waliomilikiwa na Wahindi mwaka 1860, walikuwapo Wakutchi waliodai kwamba Mwingereza hana hukumu juu yao. Mwaka 1869 Rao wa Kutch alitangaza kwamba raia wake walioko Unguja wawe chini ya hukumu ya konsuli kama walivyo raia wa Uingereza. Kwa kalamu moja mtawala mdogo wa Bhuj, mji mkuu wa Kutch, alibadilisha hali ya wenye maduka wa Forodhani.

Katika kutafuta, anza na kijiji, wala usianze na bandari. Kosa la kawaida ni kuandika "Bombay" kwa sababu babu alipandia meli huko. Kisha jua kijiji kilikuwa cha milki gani mwaka ule. Kathiawar, rasi jirani ya Kutch, pekee ilikuwa na milki na vimilki zaidi ya mia mbili, na vingine viligawana kijiji kimoja. Halafu jua uwakala. Kutch na Kathiawar zilikuwa chini ya serikali ya Bombay hadi 1924, kisha zikahamia Uwakala wa Milki za Magharibi ya India uliojibu moja kwa moja Delhi. Faili za kabla ya hapo zitafute Mumbai, na za baadaye Delhi na London, katika fungu la India la Maktaba ya Uingereza, herufi R/1 na R/2. Unguja, nenda nyaraka za Kilimani ukaulize kesi za mahakama ya konsuli.

Andika jina kwa kila tahajia: Kutch, Cutch, Kachh. Wenye shughuli ya Janjira watafute pia Jinjira, Habsan na Rajpuri. Sidi huandikwa Seedee na Siddee. Na jueni kwamba mwaka 1947, Conrad Corfield akiwa mkuu wa idara ya siasa, faili nyingi za siri juu ya mienendo ya watawala zilichomwa moto. Faili zilizonusurika kwa wingi ni za kodi, mipaka na mirathi. Kwa bahati, babu yenu anaelekea kuwamo humo.

Swali (Lindi): Ilikwishaje?

Sheria ya uhuru wa India ya 1947 ilifuta mamlaka ya Uingereza juu ya milki zote kwa siku moja. Watawala walitakiwa kutia saini hati ya kujiunga kwa mambo matatu tu: ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano. Junagadh, yenye Nawabu Mwislamu na raia wengi Wahindu, ilijaribu kujiunga na Pakistan, na Nawabu wake akaishia Karachi. Janjira nayo ilikuwa na mtawala Mwislamu juu ya raia wengi Wahindu, lakini hesabu ya nguvu ilikuwa dhahiri. Mapema 1948 vijana wa kundi la Lok Sena, akiwamo Mohan Dharia, aliyekuja kuwa waziri, waliinuka dhidi ya serikali ya Nawabu. Mwaka huohuo Janjira ikaunganishwa na jimbo la Bombay, na kipande chake cha Jafarabad kikaenda Saurashtra. Watawala waliachiwa posho na vyeo hadi 1971, bunge lilipovifuta. Wanaosema milki hizi "zilisalitiwa" wasome kwanza ni raia wangapi walipiga kura ya kumchagua Nawabu.

Swali (Muscat): Nakusudia kwenda kuiona ngome. Nijiandae vipi?

Nenda kati ya Novemba na Februari. Juni hadi Septemba mashua hazivuki. Mji ni Murud, lakini mashua za tanga zinaondoka kijiji cha Rajapuri, kilomita chache kusini yake. Vaa viatu vya kushika: mashua haifungwi gatini, unarukia ngazi za mawe zenye ukoka wa bahari wakati wimbi linaipandisha. Chukua maji na kofia. Manahodha hutoa muda mfupi, basi patana nao kabla ya kupanda. Langoni tazama ukutani, kuna mnyama mfano wa chui mkubwa aliyechongwa ameshika ndovu kwa makucha yake. Wengi hupita chini yake wakitafuta mizinga. Ukirudi Rajapuri usiondoke bila kufika Khokri, hapo karibu, yalipo makaburi ya kuba ya Masidi. Mawe yake ni meusi, yamechongwa kwa mkono wa fundi mzuri, na mizizi ya miti imeshaanza kuyafungua.